Kazi za makundi shuleni: watoto wanajifunza, au kipanga mmoja anabeba na wengine wanategea?

#1 Mshale wa Ujiji
Wakuu, salamu. Niko Kigoma, mwisho wa reli. Binti yangu anasoma Kidato cha Pili, shule ya kata hapa hapa manispaa. Kila wiki anarudi na "kazi ya kundi". Wako sita. Juzi usiku nimemkuta mezani anaandika kazi ya Jiografia kurasa nne, peke yake. Namuuliza, wenzako watano wako wapi? Ananijibu, "Baba, mimi ndiye katibu." Katibu gani huyu ambaye ni mwenyekiti, mhazini na wajumbe wote? Na alama zikitoka wote sita wanapata sawa sawa.

Dai langu ni hili, anayepinga apinge kwa hoja: haya makundi ni uvivu wa walimu uliovikwa jina la mbinu shirikishi. Mwalimu anasahihisha karatasi kumi na kitu badala ya mia. Mtoto mwenye akili anageuzwa punda, na mvivu anafundishwa kutegea tangu ana miaka kumi na nne. Wenye saikolojia yao waje waniambie kama kuna faida ambayo mimi siioni.

#2 Ngoja Waje
Nimetandika mkeka. Walimu wako njiani.

#3 Dagaa Mkavu
Katibu 😂😂 Mimi nilikuwa mjumbe wa kudumu. Kazi yangu ilikuwa kuandika majina ya wanakundi kwa mwandiko wa kupendeza. Historia nilipata B kwa mwandiko tu.

#4 Chaki Nyeupe
Mkuu Mshale, mimi nafundisha Biolojia, Kasulu. Umetuchapa kabla hujatuuliza.

Mkondo mmoja nina watoto karibu mia. Kipindi dakika 40. Toa za kuingia, kuita majina na kufuta ubao, imebaki nusu saa. Nikitaka kila mtoto aseme kitu kwa sekunde ishirini tu, kipindi kimekwisha na wengine hawajafungua mdomo. Nikiwagawa watano watano, kwa dakika moja wanaongea watoto ishirini. Hiyo ndiyo sababu yangu, si uvivu. Halafu tangu mtaala wa 2005 tunatakiwa mwanafunzi awe mtendaji; mkaguzi akifika anafungua andalio la somo anatafuta shughuli ya mwanafunzi iko wapi.

Kusahihisha kunapungua, ndiyo. Chukua madaftari mia ya mkondo mmoja, zidisha mikondo minne, halafu tuongee vizuri.

Ila hapo kwenye alama sawa kwa wote, mwalimu wa binti yako nenda ukambane. Siwezi kumtetea.

#5 Asali ya Sikonge
Mwangaluka wakuu. Niko Tabora, nafundisha saikolojia ya elimu kwenye chuo cha ualimu. Kutegea kulipimwa kabla reli haijafika hata Tabora. Miaka ya 1880 mhandisi wa kilimo aitwaye Ringelmann aliwapa watu kamba wavute, akaweka kipimo cha nguvu. Mtu mmoja mmoja kwanza, halafu makundi. Walipofika wanane, kila mmoja alikuwa anatoa karibu nusu tu ya nguvu aliyotoa akiwa peke yake. Kundi la binti wa Mshale lina sita. Haishangazi.

#6 Mchikichi
Huyo Mjerumani alipima kamba, hapa tunaongelea akili. Isitoshe watu wanane kwenye kamba moja wanakanyagana visigino, mmoja anavuta mwingine anapumzika. Hapo hakuna kutegea, ni kukosa mpangilio.

#7 Asali ya Sikonge
Mfaransa, mkuu. Maximilien Ringelmann, Mfaransa.

Hoja ya visigino ni nzito, yeye mwenyewe aliiona. Ndiyo maana mwaka 1974 Ingham na wenzake wakaja na ujanja: mtu anafungwa macho, anawekwa mbele kwenye kamba, anaambiwa nyuma yako wapo wenzako wanavuta. Kumbe walioko nyuma wanajifanya tu. Hakuna wa kukanyagana naye, na nguvu yake ikashuka vile vile. Mwaka 1979 Latané, Williams na Harkins wakaacha kamba wakaleta makofi na kelele. Mtu amefungwa macho, amevaa vipokea sauti masikioni, anaambiwa piga kelele pamoja na wenzako. Kumbe yuko peke yake. Sauti ikashuka.

Hao hao walirudi mwaka 1981 na jambo linalotuhusu zaidi: mtu akijua kwamba sauti yake yeye inapimwa hata akiwa kundini, hategei. Wale watano wa Ujiji wanajua hakuna anayepima sauti zao. Karatasi ni moja, alama ni moja.

#8 Dagaa Mkavu
Kumbe nilivyokuwa nafungua mdomo tu mstarini wenzangu wakiimba wimbo wa taifa, nilikuwa mada ya utafiti wa kisayansi. Naomba heshima yangu.

#9 Mama Wawili
Mwalimu Chaki, hao ishirini wanaoongea kwa dakika moja wanaongea nini? Wangu wa kwanza yuko Darasa la Sita, tuko Nzega. Ni mwepesi wa hesabu. Anasema wenzake wanamwambia, "Fanya wewe, sisi tunapiga stori, mwalimu akija tuamshe." Ndiyo kuongea huko?

Halafu hakuna aliyemjibu mleta uzi: kipanga anapata nini? Maana mimi naona anatoa tu.

#10 Asali ya Sikonge
Mama Wawili, hilo lina jibu. Kuna mtafiti wa Marekani, Noreen Webb, alikaa miaka mingi akisikiliza watoto wanavyosaidiana hesabu. Anayefaidi sana ni yule anayeeleza: kwa nini umebeba moja, kwa nini umegeuza sehemu juu chini. Akieleza inabidi apange upya kichwani mwake, na akikwama anagundua pale ambapo yeye mwenyewe hakuelewa. Aliyepewa jibu tupu bila maelezo hapati kitu, wakati mwingine anatoka vibaya kuliko alivyoingia.

#11 Mama Wawili
Basi wangu hafaidi, maana haelezi. Anaandika kimya kimya halafu wanakopi. Hiyo tofauti uliyoisema ya kueleza na kutoa jibu, hapo shuleni kuna anayeisimamia?

#12 Chaki Nyeupe
Wachache, dada. Nitasema ukweli: tulivyofundishwa sisi chuoni, kundi ni kusogeza madawati, kugawa bango kitita na kalamu ya wino mzito, halafu mmoja awasilishe. Na swali lenyewe tunalotoa ni "taja sifa tano za mamalia". Swali la namna hiyo halihitaji kundi. Mtoto mmoja mwenye kitabu anamaliza kabla wengine hawajakaa.

#13 Binti wa Heru
Naomba nipinge kidogo hii habari ya kutegea. Nimesoma mchanganyiko, bweni. Kundi letu wavulana wanne, wasichana wawili. Kalamu napewa mimi kila mara eti mwandiko wa msichana ni msafi. Kuwasilisha mbele anakwenda mvulana. Nikitoa jibu, kimya. Baada ya muda mvulana anatoa lile lile, wanapiga meza, "hapo sawa!" Nilifika mahali nikaacha kusema. Mwalimu akipita ananiona nimenyamaza, naye angesema ninategea. Sikuwa nategea. Nilikuwa nimechoka kusemea hewani.

#14 Mchikichi
Dada pole, ila hiyo ni kujiamini tu. Mwenye sauti anasikilizwa, ndivyo dunia ilivyo, hata kwenye kikao cha kijiji.

#15 Asali ya Sikonge
Mchikichi, si kujiamini tu. Elizabeth Cohen wa Chuo Kikuu cha Stanford alishughulika na jambo hili hili. Watoto wakikaa kundini wanakuja na daraja lao kichwani: nani anajulikana ana akili, nani maarufu, nani mvulana, nani kwao kuna hela. Aliye juu anapewa nafasi ya kusema hata kama somo la leo halijui. Na kwa kuwa anayesema sana ndiye anayejifunza sana, kundi linazidi kupanua pengo lililokuwepo. Dawa yake ilikuwa na sehemu mbili: toa kazi inayohitaji vipaji vingi, ya kuchora, kupima, kusimulia, kujenga, ambayo hakuna mmoja anayeviweza vyote. Halafu mwalimu awinde pale ambapo mtoto wa chini amefanya kitu kizuri kweli, akiseme hadharani mbele ya kundi lake.

#16 Binti wa Heru
Asante mwalimu. Huyo mama angekuja hapa Kasulu angetusaidia.

#17 Fundi Redio
Nimewasoma wote, hakuna hata mmoja aliyegusa kidonda. LUGHA.

Mtoto amesoma miaka saba kwa Kiswahili. Wengine huku vijijini hata Kiswahili wamekikuta darasa la kwanza, nyumbani ni Kiha. Anaingia Kidato cha Kwanza anapewa kozi ya Kiingereza ya wiki chache, halafu anaambiwa kaeni sita mjadili usafirishaji wa maji kwenye mmea, kwa Kiingereza. Wajadili kwa kinywa gani? Anayeongea ni yule mmoja aliyetoka shule ya mchepuo wa Kiingereza. Wengine si wavivu na wala hawajadharauliwa. Hawana maneno.

Nilikuwa hivyo. Nilikuwa nafungua redio mbovu za mtaa mzima na kuzifunga zikiwa zinaimba, lakini kwenye kundi la Fizikia nilikuwa naitikia "yes" tu. Saketi nilikuwa naijua. Kuisema ndiyo sikuweza.

#18 Chaki Nyeupe
Fundi, hapo umenena. Darasani kwangu nikiondoka karibu na kundi wanahamia Kiswahili, nikirudi wananyamaza. Kwa hiyo nikiwa karibu hawajifunzi, nikiwa mbali wanajifunza.

#19 Kijana wa Urambo
Kuna mbinu inaitwa jigso, ilibuniwa Johns Hopkins, inatatua hilo. Kila mtoto anapewa kipande chake cha somo, wengine hawana. Lazima asikilizwe hata kama lugha inamtesa.

#20 Asali ya Sikonge
Johns Hopkins ni kwa Robert Slavin, nitamfikia. Jigso ni Elliot Aronson, Austin, jimbo la Texas, mwaka 1971. Shule zilikuwa zimeunganishwa, watoto weupe, weusi na wenye asili ya Meksiko darasa moja, na ugomvi haukwishi. Aronson na wanafunzi wake wakaona tatizo ni mashindano: mwalimu anauliza, mikono inarushwa juu, mmoja akikosea wengine wanafurahi. Wakagawa somo kama ile picha ya watoto iliyokatwa vipande. Watoto watano au sita, kila mmoja kipande. Wenye kipande kimoja kutoka makundi tofauti wanakutana kwanza wanakichambua pamoja, halafu kila mmoja anarudi kwenye kundi lake kufundisha wenzake. Mtihani unakuja kwa kila mtu, somo zima.

Aronson anasimulia mtoto mmoja ambaye Kiingereza kilimpa shida. Mwanzoni wenzake walimcheka. Wakakumbushwa kwamba kumcheka hakutawapa majibu ya mtihani, na majibu anayo yeye. Wakaanza kumuuliza maswali ya kumtoa taratibu, akawa anaeleza.

#21 Fundi Redio
Mwalimu Asali, soma tena ulichoandika. Austin mmoja ndiye aliyekwama kwenye lugha, na watano walikuwa na lugha ya kumtoa. Huku wote sita ni yule mtoto. Nani amtoe nani? Ukimpa kila mmoja kipande cha Kiingereza asichokielewa, umepata vipande sita visivyoeleweka.

#22 Ngoja Waje
Duh.

#23 Asali ya Sikonge
Hapo umenibana. Ila ngoja niweke na hili: Vygotsky, yule mwanasaikolojia wa Urusi aliyefariki mwaka 1934 akiwa bado kijana, anasema mtoto ana ukanda wa mambo ambayo peke yake hayawezi, lakini akishikwa mkono na anayejua zaidi anayaweza. Mwenzake aliyeelewa jana anaweza kumshika mkono kuliko mwalimu aliyeelewa miaka ishirini iliyopita. Ukanda huo unapita kwenye lugha. Wakielezana kwa Kiswahili halafu wakaandika kwa Kiingereza, mimi sioni kosa.

#24 Mchikichi
Mkuu wa shule analiona. Kuna shule ukiongea Kiswahili unavishwa kibao shingoni.

#25 Mzee wa Reli
Vijana, nimewasoma kwa utulivu. Nimestaafu ualimu, nilianza kazi miaka ya Elimu ya Kujitegemea. Mnazungumza kama ushirikiano umeletwa na Wamarekani.

Mwalimu Nyerere alipotoa andiko lile la Elimu ya Kujitegemea Machi 1967, shule zote tulikuwa na mashamba. Shule niliyofundisha, Urambo, tulilima mahindi na karanga. Siku za kwanza tuliwapeleka watoto shambani wote kwa pamoja, "haya limeni". Wakubwa wanasimama wanaegemea mpini, wadogo wanalima. Tukabadilisha. Kila mtoto akapewa ngwe yake, imepimwa kwa kamba, jina linajulikana. Akimaliza ngwe yake anapumzika. Shamba likawa linakwisha kabla jua halijawa kali. Hamkuhitaji Mfaransa, mngekuja kuniuliza.

#26 Dagaa Mkavu
Shikamoo mzee. Sasa hapo Mfaransa alipima kamba na wewe ulipima kwa kamba. Ndugu hawa.

#27 Mzee wa Reli
Marahaba. Punguza utani, usome.

#28 Kijana wa Urambo
Mzee wangu, kwa heshima: ngwe si ushirikiano. Kila mtu analima chake. Umeua kutegea kwa kuua kundi lenyewe. Angemaliza wa kwanza akaenda kukaa kivulini, mwenzake mgonjwa anahangaika na ngwe yake, nani anajali?

#29 Mzee wa Reli
Subiri nimalize. Tuliliona. Tukasema hakuna kurudi shuleni mpaka ngwe ya mwisho iishe. Hapo waliomaliza walirudi kuwasaidia wa nyuma bila kuambiwa. Wakubwa walianza hata kuulizana asubuhi nani anaumwa, tumpe ngwe ya pembeni.

#30 Asali ya Sikonge
Mzee, umeeleza kwa jembe yale ambayo Slavin na ndugu wawili wa Minnesota, David na Roger Johnson, wameyaandika vitabu kwa vitabu. Ngwe ni kila mtu kuwajibika kwa chake. Kutorudi mpaka wote wamalize ni kufungamana: mimi siwezi kufika kama wewe hujafika. Akina Johnson walichukua mawazo hayo kwa Morton Deutsch, ambaye mwaka 1949 alichapisha jaribio lake la madarasa ya chuo cha MIT: makundi mengine wanachama walipangwa wa kwanza hadi wa mwisho ndani ya kundi, mengine kundi zima lilipata alama moja kwa kulinganishwa na makundi mengine. Wale wa alama moja walisikilizana zaidi na kugawana kazi vizuri zaidi.

#31 Mshale wa Ujiji
Hapo hapo! Alama moja kwa kundi zima ndiyo hiyo hiyo ninayoilalamikia mimi. Sasa Deutsch anaisifu na wewe kule juu ulisema ndiyo inayoleta kutegea. Mnisaidie, nishike lipi?

#32 Mchikichi
😂 Mwalimu wa chuo kapatikana.

#33 Asali ya Sikonge
Sijapatikana, mkuu. Deutsch alitazama watu wazima wachache waliojichagulia chuo. Slavin, huyo wa Johns Hopkins, alifanya kazi shule za kawaida, na aliona kundi kupata zawadi peke yake hakutoshi, na mtu mmoja mmoja kupimwa peke yake hakutoshi. Utaratibu wake: wanne wa uwezo tofauti wanasoma pamoja, halafu kila mmoja anafanya jaribio PEKE YAKE, hakuna kusaidiana. Pointi za kundi zinatokana na kila mtoto amepanda kiasi gani kuliko wastani wake mwenyewe wa zamani. Aliyekuwa anapata 20 akapata 35 analetea kundi pointi nyingi, pengine kumzidi kipanga aliyetoka 90 akarudi 90. Hapo kipanga anageuka kocha, kwa sababu faida yake iko kwa yule dhaifu.

#34 Dagaa Mkavu
Mimi nafeli la kwanza kwa makusudi, napata 5. La pili nafungua kitabu, napata 40. Nakuwa shujaa wa kundi. Kitu gani kinanizuia?

#35 Asali ya Sikonge
Wastani wa majaribio mengi ndio unaokuzuia. Ungefeli muhula mzima?

#36 Dagaa Mkavu
Nilifeli. Bure. Sikulipwa.

#37 Mchikichi
Mimi nabaki kwenye msimamo wangu. Mnajenga ushirikiano darasani, halafu mwisho wa muhula matokeo yanabandikwa ukutani, wa kwanza hadi wa 97. Mzazi anauliza "umekuwa wa ngapi", hakuna anayeuliza "umemsaidia nani". Mtoto si mjinga, anaona mchezo wenyewe ni upi. Kumfundisha mwenzako ni kumpa nafasi yako. Wakati wetu kipanga alikuwa anaficha desa chini ya godoro, na akiulizwa anasema hajasoma kabisa, alilala.

#38 Kijana wa Urambo
Baraza la mitihani, Necta, wenyewe waliacha kutangaza kumi bora mwezi Januari 2023.

#39 Mchikichi
Necta waliacha. Ukuta wa shule haujaacha. Mabango ya shule barabarani ndiyo usiseme.

#40 Mzee wa Reli
Na mwaka 1967 Mwalimu alikwisha kuandika mitihani isitukuzwe. Huo ni umri wa mtu mzima mwenye wajukuu.

#41 Dagaa Mkavu
Tabora mnajifunga sana na Mwalimu kwa sababu alifundisha Tabora Boys. Nje ya hapo mna embe na vumbi.

#42 Mzee wa Reli
Tabora Boys alisoma. Alifundisha St. Mary's, hapa hapa Tabora, alipotoka Makerere. Na embe zetu mnazisubiri kwenye treni kila msimu.

#43 Binti wa Heru
Embe ninyi, mawese na migebuka sisi. Asiyekula mgebuka asiongee.

#44 Dagaa Mkavu
Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi Mei 15 hadi Agosti 15 ndipo mlipojua Kigoma ni nani. Bei ya dagaa Tabora ilisemaje?

#45 Mshale wa Ujiji
Turudini kwenye mada jamani.

#46 Chaki Nyeupe
Wakuu, nimerudi na matokeo. Baada ya mabishano yenu nilijaribu hiyo jigso kwenye mfumo wa mmeng'enyo wa chakula. Vipande vitano: mdomo na umio, tumbo, utumbo mwembamba, ini na kongosho, utumbo mpana. Nikawaruhusu waelezane kwa Kiswahili, maneno ya kitaalamu tu ndiyo yabaki Kiingereza. Fundi Redio hilo lilikuwa kwa heshima yako.

Kipindi cha kwanza wenye kipande kimoja walikutana. Kelele, lakini kelele ya somo. Kuna kijana wa nyuma kabisa ambaye sijawahi kumsikia sauti, kumbe kwao wanachinja mbuzi wa biashara. Alieleza utumbo mwembamba mpaka nikasogea kusikiliza. Urefu wake, unavyojikunja, ulivyo laini ndani. Wenzake walimuuliza maswali ambayo mimi sijawahi kuulizwa.

Kipindi cha pili ilikuwa siku ya soko. Watoto kadhaa hawakuja. Makundi matatu hayakuwa na ini.

#47 Dagaa Mkavu
MAKUNDI YASIYO NA INI 😂😂😂 Yalimeng'enyaje mafuta?

#48 Mshale wa Ujiji
Na jaribio?

#49 Chaki Nyeupe
Kila mtu peke yake, kama alivyosema mwalimu Asali. Swali la utumbo mwembamba wengi walipata. La ini, yale makundi matatu yaliacha wazi. Na wengi waliojua jibu waliandika kwa Kiswahili, nimewapa alama, ila Necta hatawapa. Kipanga wangu mmoja alikuja ofisini kulalamika kwamba mwenzake alimfundisha vibaya habari ya tumbo, na yeye alikuwa ameisoma kitabuni vizuri, akamwamini mwenzake akakosa.

#50 Mama Wawili
Huyo kipanga ni kama mwanangu. Angalau wenu analalamika.

#51 Fundi Redio
Mwalimu, hongera kwa kijana wa mbuzi. Lakini umeona: walijifunza kwa Kiswahili, wakapimwa kwa Kiingereza. Hiyo ngazi ya katikati nani anaijenga?

#52 Asali ya Sikonge
Kuhusu ini: wape watu wawili kipande kimoja, mmoja asipokuja mwingine yupo. Kuhusu kipanga: pale wenye kipande kimoja wanapokutana ndipo mwalimu anatakiwa kusimama muda mrefu, kusikia upotofu kabla haujasafirishwa kwenda makundi mengine.

#53 Chaki Nyeupe
Vituo vitano, mwalimu mmoja, dakika arobaini. Sawa.

#54 Mshale wa Ujiji
Na mimi nimetoka shuleni leo. Nilikwenda kumbana mwalimu wa Jiografia kama Chaki alivyonishauri. Mama wa makamo, mpole. Akanisikiliza, akamwita binti yangu, akamwambia mweleze baba. Binti akasema wenzake walitaka kugawana: wawili wachore ramani, wawili waandike sababu, wawili mapendekezo. Yeye ndiye aliyekataa. Anasema ramani zao mbaya, Kiingereza chao kibovu, watamshushia alama. Akakusanya karatasi zote akaja nazo nyumbani.

Nimekaa kimya barabara nzima.

#55 Ngoja Waje
Eh!

#56 Binti wa Heru
Kwa hiyo wale watano walinyang'anywa.

#57 Mama Wawili
Taratibu jamani. Angewaachia wakaharibu, alama zingekuwa zake pia. Mtoto ana haki ya kulinda alama zake. Tatizo bado ni alama moja kwa wote.

#58 Asali ya Sikonge
Hili nalo lina utafiti wake. Williams na Karau, mwaka 1991: mtu akiamini wenzake hawataweza, na kazi yenyewe anaithamini, anaongeza bidii kuziba pengo lao. Kinyume kabisa cha kutegea. Lakini Kerr alikwisha kuonyesha mwaka 1983 upande wa pili: mtu akiona mwenzake anaweza na hataki, anapunguza na yeye, hataki kuonekana mjinga wa kubeba wengine. Kwa hiyo swali ni binti anawaona wenzake kama wasioweza au wasiotaka. Na wale watano, wakinyang'anywa mara tatu mara nne, watakuwa wategeaji hata kama hawakuanza hivyo.

#59 Mchikichi
Sasa tuna kutegea, kukanyagana visigino, daraja, lugha, ukuta wa matokeo, na kipanga mnyang'anyi. Mleta uzi chagua.

#60 Mshale wa Ujiji
Mimi bado nasema mwalimu angegawa vipande yeye mwenyewe tangu mwanzo, binti asingepata cha kukusanya.

#61 Chaki Nyeupe
Mkuu, mwalimu akigawa kila kitu, watoto watajifunza lini kugawana? Binti yako hakukosa ramani, alikosa namna ya kumwambia mwenzake "rekebisha hapa" bila kumpokonya karatasi. Hilo nalo linafundishwa, na sijaona kipindi chake kwenye ratiba.

#62 Mama Wawili
Mwalimu Chaki, kwa msingi, Darasa la Sita, ungeanzia wapi? Nataka kumshauri mwalimu wa mwanangu bila kumuudhi.

#63 Chaki Nyeupe
Mwambie aanze na wawili wawili. Swali moja la hesabu, kila mtoto alifanye kwanza peke yake kimya, halafu waonyeshane na kila mmoja aeleze njia yake. Akiita, asimwite mwenye mkono juu. Ataje jina lolote, na aliyetajwa aeleze njia ya MWENZAKE, si yake. Hapo hakuna madawati ya kusogeza.

#64 Mzee wa Reli
Wawili wawili ni sawa, lakini dawati la Nzega ninalolijua mimi lina watoto wanne. Wawili wa pembeni watageukia wapi?

#65 Mama Wawili
Wanne, ndiyo. Na wa tano anakaa kwenye ndoo. Jumatatu nampelekea mwalimu, nitawaambia alivyopokea.